Panya wa Bondeni Kwenye Gari la Mjomba

Mwanangu Hawa,

Ukiikuta karatasi hii ndani ya kiatu chako cha shule, kaa kitandani uisome yote kabla Bibi hajaamka. Usiisome kwa sauti. Ukimaliza, ikunje uitie kwenye soksi, kisha uende ukaoge kama asubuhi nyingine yoyote.

Sitakuandikia habari za sabuni, wala kufua sare, wala kuishi vizuri na wenzako bwenini. Hayo nimeyasema mpaka siku hizi naanza sentensi na wewe unaimalizia. Nataka nikueleze habari za gari la mjomba wako Shabani. Ulishika tochi tangu tulipoanza kulitafutia ugonjwa mpaka lilipowaka, kwa hiyo unadhani umeona kila kitu. Lakini sikukwambia nilichokwenda kukiona mimi baada ya wewe kuzima tochi, na kesho, yaani leo hii unaposoma, nitahitaji msaada wako. Ni msaada ambao hakuna mtu mwingine anayeweza kunipa.

Unakumbuka mjomba aliliacha hapa mvua zilipoharibu barabara ya Mikumi. Alifika karibu na Zombo, akaona matope yamekuwa uji, akageuza. Akaliingiza kwenye kibanda cha bati kando ya jiko la Bibi, akarudi kwake Mikumi kwa pikipiki. "Dada," aliniambia, "uwe unaliwasha mara mojamoja, lisije likalala." Nikaitikia. Sikuliwasha hata siku moja. Leseni ninayo, na woga ninao pia. Niliogopa lisije likaruka mbele likabomoa jiko. Unanijua. Mimi ni mtu wa kurudi ofisini kuhakikisha kama nimefunga dirisha, na nikifika nyumbani naanza kuwaza kama nilifunga mlango.

Ukaja msiba wa mama yake Baba Mwajuma, jirani yetu, na umeme ukakatika siku ileile. Waombolezaji wakajaa uani kwao mpaka kwetu. Kijana mmoja akaomba funguo achaji simu kidogo. Ningemnyimaje mtu aliye msibani? Kufika jioni gari lilikuwa na nyaya za simu kila upande kama ng'ombe anayenyonyesha, redio inasoma matangazo ya vifo, mlango wazi, taa ya ndani inawaka. Baba Mwajuma mwenyewe, macho mekundu kwa kulia, alinishika mkono akasema, "Karani, hili gari limetusitiri." Nikaona aibu kukumbusha habari za betri.

Ndiyo maana siku ulipopangiwa shule kule mbele ya Mikumi, na mjomba akasema barabara imeanza kupitika, atakuja kukupeleka kwa gari lake, nilipozungusha ufunguo sikushangaa. Uliweka simu juu ya dashibodi ili mjomba asikie.

"Washa," akasema.

Tk, tk, tk. Taa zikafifia kama mtu anayesinzia.

"Betri hiyo. Mmelifanyaje?"

"Mjomba, watu wa msiba wamekula wali, wakala na betri," ukamjibu, na Bibi akacheka jikoni mpaka akakohoa.

Nataka uikumbuke siku ile kwa sababu nilifurahi. Gari limekufa, safari imekaribia, nami nikafurahi, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa na jina na sababu yake ilikuwa watu wema. Tukaifunga betri kwenye kiti cha baiskeli, tukaipeleka kule stesheni kwa wanaochaji betri. Nilirudi najiona fundi.

Ilipochajiwa, stata ilizunguka kwa nguvu, gari zima likatikisika, lakini halikushika moto. Tukarudia, tukarudia. Baba Mwajuma akaja amejifunga msuli wake kiunoni, akapiga boneti kofi.

"Mafuta yamelala," akasema. "Petroli ikikaa muda inageuka maji. Mwagani yote."

"Mjomba amesema yalikuwa mapya," ukasema.

"Mapya kwa nani? Hata bibi harusi analala."

Mjomba ndiye aliyetuambia tusiwashe, tufungue swichi tu, mtu mmoja aweke sikio kiti cha nyuma asikilize kama kuna mlio wa nyuki. Ukalala kifudifudi kwenye kiti cha nyuma. Nikafungua swichi. Ukasema, "Mama, huku hakuna kitu." Nikafungua tena. "Hakuna." Pampu ya mafuta ilikuwa haipati umeme. Tukatafuta fyuzi yake kwenye kile kijisanduku karibu na betri, ukaichomoa kwa kucha, ukaiangalia kwenye mwanga wa tochi: imekatika katikati, imeungua. Ulivyofurahi, Hawa! Tukanunua nyingine. Ukaipachika mwenyewe. Nikafungua swichi, na kabla sijapumua nayo ikaungua.

Hapo ndipo Baba Mwajuma alipotoa karatasi ya kung'aa kwenye pakiti yake ya sigara, akaikunja vizuri, akaniambia niichomeke mahali pa fyuzi. "Hiyo haiungui," akasema. "Utafika nayo Iringa." Alikuwa anasema kweli, isingeungua. Ingeungua waya, au kapeti, au sisi. Nilikataa, akaniambia nimesoma mno. Siku zile niliona ni mzaha. Sasa nikikaa naiwaza sana ile karatasi ya sigara. Fyuzi ikiungua mara mbili inakwambia kitu, nawe ukiziba mdomo wake kwa karatasi hujatengeneza gari, umelinyamazisha tu.

Basi tukaamua kuufuata waya. Unakumbuka tulivyogawana: mimi nashika, wewe unamulika. Tukaondoa boksi la chujio la hewa, na nyuma yake, pale penye joto gari likitembea, tukakuta tundu la panya. Majani ya mpunga, maganda ya mahindi, pamba ya kiti cha mjomba, na katikati yake vitoto vyekundu visivyo na manyoya. Nyaya mbili zilikuwa zimetafunwa zikabaki shaba tupu, moja imeegemea bodi ya gari. Yule mama panya akaruka juu ya mkono wangu. Nilipiga kelele, wewe ukacheka, Bibi akaja na ufagio.

"Makombo ya msiba hayo ndiyo yamewaita," akasema Bibi. "Wamekuja kula ubwabwa."

Nikamwamini. Nilifurahi tena, kwa sababu ileile: sababu ilikuwa karibu, ndogo, na ilishapita. Ningeishia hapo, ningefunga nyaya kwa tepu, ningefunika boneti. Wewe ndiye uliyemulika yule aliyeuawa kwa ufagio ukamgeuza na kijiti. Ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesoma bei dukani, "Mama, huyu si wa nyumbani. Ana michirizi mgongoni. Ni wa bondeni."

Bibi akasema panya ni panya. Ukazima tochi, ukaenda kula. Mimi nilibaki pale.

Kila mtoto wa Kilosa anawajua wale wenye michirizi. Wako kwenye majani, kwenye matuta ya mpunga, wanakimbia mchana kweupe miguuni mwa mtu anayepalilia. Hawaingii nyumbani. Nimezaliwa katika nyumba hii na sijapata kumwona mmoja akivuka barabara kuja huku juu kwenye nyumba. Na sasa mmoja amebeba watoto wake, au amekuja kuwazalia, ndani ya chuma, penye harufu ya petroli. Nikajiuliza kama tulivyojiuliza kuhusu fyuzi: kitu gani kimemuunguza huko alikotoka?

Kesho yake niliwaambia ofisini naumwa tumbo. Nikaenda bustanini kwetu, kule chini, karibu na tuta la kuzuia maji ya mto.

Mto wenyewe haukuwa umejaa. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Ulikuwa unapita mahali pake, mwekundu, kimya, chini ya kingo. Lakini mashimo ya panya yote pembeni mwa bustani yalikuwa yamejaa maji mpaka mdomoni, na hakukuwa na mvua tangu juzi yake. Nilikanyaga kati ya matuta ya nyanya, ardhi ikanishika kiatu. Nikaufuata unyevu kama tulivyoufuata waya. Chini ya tuta la mto, upande wetu, mahali palipoota majani marefu, palikuwa na tundu dogo la kuingiza ngumi, na maji yalikuwa yanatoka humo taratibu, yanachemka kama uji. Hayakuwa maji tu. Yalikuwa yanatoa mchanga. Mchanga umejipanga kuzunguka lile tundu kama kichuguu.

Nilisimama pale nikiwa na kiatu kimoja mkononi. Mchanga ule ulikuwa unatoka ndani ya tuta. Kila chembe iliyotoka nje ilikuwa imeacha nafasi ndani.

Nikachomeka kijiti pembeni ya tundu. Niliporudi siku iliyofuata, kijiti kilikuwa kimemezwa.

Sasa nikueleze kwa nini hukunisikia nikipiga kelele. Unakumbuka mwaka ule tulipolala shuleni, kule mlimani. Ulikuwa mdogo, lakini najua unakumbuka, kwa sababu wenzako walikuimba. Nilisikia uvumi kwamba maji yanakuja, nikagonga nyumba baada ya nyumba, nikambeba Bibi juujuu, na nusu ya kitongoji wakatufuata. Asubuhi jua likatoka, hakuna aliyelowa hata ukosi. Tuliporudi, mlango wa Bibi ulikuwa wazi na cherehani yake haipo. Ile cherehani ndiyo iliyonisomesha. Bibi hakunilaumu hata kwa neno moja. Aliingia ndani akafuta vumbi pale ilipokuwa imekaa. Mpaka leo anapafuta. Sare yako ya shule ameishona kwa mkono, umeona mishono.

Kwa hiyo nilipokwenda kwa mwenyekiti wetu wa kitongoji nilijua nakwenda na mzigo. Nilimkuta kwenye benchi la kahawa na wenzake.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, Karani. Leo kuna nini, moto au maji?"

"Tuta linavuja. Linatoa mchanga. Na panya wa bondeni wamehamia kwenye nyumba."

"Panya wamehama," akawaambia wenzake. "Wamekuonyesha barua ya uhamisho? Imepita kwa mwajiri?"

Wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, ndivyo nilivyo, nikiogopa nacheka.

"Naomba uende ukaone mwenyewe, Mwenyekiti. Si mbali."

"Nitatuma mtu." Kisha akaacha mzaha, akaniambia kwa upole, na upole ule ulinivunja moyo kuliko kicheko: "Mama Hawa, mwaka ule ulitupandisha mlimani na watoto. Nani alilowa? Nikigonga milango tena kwa panya, siku ya kweli nani atanifungulia?"

Si mtu mbaya. Mtu alitumwa kweli. Nilikwenda nikakuta wameweka kiroba cha udongo juu ya lile tundu na kukikanyaga vizuri, na maji yamenyamaza. Nikaikumbuka karatasi ya sigara. Nikatembea pembeni kidogo, majanini, nikaona yanatokea kwingine, mahali pawili.

Naye Bibi nimemwambia. Nilimwambia siku ileile tulipozifunga nyaya kwa tepu, tukatia fyuzi mpya, gari likawaka, siku mliyocheza uani na moshi umejaa mpaka jikoni. Nilingoja afurahi kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho, anachambua mchele.

"Nilihama mara moja kwa maneno yako," akasema. "Nikarudi nikakuta cherehani imekwenda. Sihami tena."

"Mama, safari hii nimeona kwa macho."

"Na safari ile uliona kwa nini?"

"Nilisikia."

"Basi mimi sijaona na sijasikia. Nyumba haiachwi bila mtu. Nikitoka hapa, nitatoka nimebebwa na watu wanne."

Unamjua. Akishasema mbele ya mchele wake, amesema. Ningeweza kumwita mjomba tumbebe kwa nguvu, lakini mtu mzima hachukuliwi hivyo. Angeshuka njiani, angerudi kwa miguu kutoka kijiji cha Ulaya, na moyo wake ungekuwa umetufunga mlango.

Nilikaa na jambo hili siku kadhaa, Hawa. Ofisini nilikuwa naandika jina la mtu mara mbili. Nimeishi na woga tangu utoto na umenidanganya mara nyingi sana, umenirudisha kwenye madirisha yaliyofungwa, umenigombanisha na baba yako mpaka akachoka akaenda zake. Ndiyo maana safari hii nilitaka woga huo uniambie uongo tena. Nilirudi bondeni nikiomba nikute pamekauka. Nimejifunza kitu kimoja tu, nacho si kikubwa. Woga wangu wa siku zote unazunguka mahali pamoja, haushuki kwenda kuangalia. Huu wa sasa ulinituma nikaangalie, na kila nilipoangalia wenyewe ulikuwa umepungukiwa maneno, lakini maji yameongezeka. Ukiwa huko shuleni ukaogopa kitu, usijilaumu. Inuka ukakiangalie. Kama kinapungua ukikikaribia, rudi ukalale. Kama kinakua, mwambie mtu, hata kama atakucheka.

Sasa msaada ninaoutaka.

Mimi nilipokwenda kidato cha kwanza, Bibi ndiye aliyenisindikiza. Tulipanda nyuma ya lori la mahindi mpaka Mikumi, amekaa juu ya tranka langu ili lisiruke, amejifunika khanga kichwani kwa vumbi. Pale barabara kuu tukapanda basi, akanifikisha mpaka mlango wa bweni, akamwambia matroni, "Huyu anaogopa giza, lakini akili anayo." Nilitaka ardhi ipasuke. Kwa mjomba wako ilikuwa hivyohivyo. Bibi anaamini kwamba mtoto anayepelekwa shule bila mkubwa wa kumkabidhi amepelekwa kama mzigo. Safari hii amesema mjomba atatosha, na najua kwa nini amesema: mimi nimezungumza habari za maji, naye anaona kila mwaliko wa kutoka ndani ya nyumba ni ujanja wangu.

Kwa hiyo mwaliko hauwezi kutoka kwangu. Hauwezi kutoka kwa mjomba pia, alipofika mchana alijaribu, akaambiwa, "Umetumwa na dada yako." Ukitoka kwako hautakuwa na harufu yangu.

Kesho asubuhi, tranka likishapakiwa na gari linaunguruma, mshike Bibi mkono umwambie, "Bibi, nisindikize. Nataka unikabidhi wewe." Usiseme zaidi ya hapo. Usitaje mto. Ikibidi kulia, lia, hutakuwa umedanganya. Atasema nyumba haina mtu. Hapo utanyoosha mkono kunionyesha mimi, nami nitakuwa nimesimama mlangoni na ufagio, nimejifunga khanga ya kazi, miguu mitupu. Atauliza kama nitabaki. Nitasema nitabaki.

Na nitabaki. Najua unachotaka kuniuliza, kwa nini nisiingie na mimi, viti vipo. Akiniona nimevaa viatu, atajua. Akiona nimefunga hata kifurushi kimoja, atashuka. Pazia la nyumba hii likibaki limefungwa kesho jioni, majirani watampigia simu, na Bibi atapanda hata pikipiki arudi. Lazima mtu aonekane uani. Lazima moshi utoke jikoni. Nimewaza njia nyingine, nimewaza mpaka nimechoka, na kila njia inaishia kwa Bibi kushuka garini.

Usiku sitalala chumbani kwangu. Mjomba amenitafutia ngazi, nimeiegemeza ukutani upande wa nyuma ili maji yakija nipande juu ya paa, na nimemwambia Baba Mwajuma kila kitu. Hakucheka. Alikuna shingo, kisha akasema watoto wake atawapeleka kwa shangazi yao Mvumi wikiendi hii, kwenda kusalimia tu. "Kusalimia tu, Karani," akarudia, asije akaonekana ameniamini. Nikishajua mmefika, na Bibi ameshalala kwa mjomba usiku mmoja, nami nitapanda kule stesheni kwa wenzangu. Nikisema usiku mmoja ni kwa sababu zaidi ya hapo sina ujasiri.

Kwa hiyo kuna jambo la pili. Bibi akishakukabidhi shuleni atataka kurudi Kilosa siku hiyohiyo, mjomba amrudishe. Lakini kabla ya kufika shuleni mtapita kwa mjomba Mikumi kupumzika na kula, na hapo gari litakataa kuwaka. Stata itazunguka kwa nguvu, gari litatikisika, moto halitashika. Bibi atakuangalia wewe, maana amewasimulia watu wote kwamba mjukuu wake ndiye aliyetengeneza gari. Atasema, "Hawa, hebu lala kiti cha nyuma usikilize."

Lala usikilize. Utasikia kimya. Mwambie umesikia kimya, ni kweli. Lakini usifungue boneti. Usilitafutie ugonjwa. Fyuzi itakuwa kwenye mfuko wa shati la mjomba. Wewe na Bibi mtakwenda shuleni kwa basi, atakukabidhi kama anavyotaka, na akirudi Mikumi atakuta mafundi wanakuna vichwa. Mjomba ana mafundi rafiki zake, wanaweza kukuna vichwa wiki nzima. Najua itakuuma. Ulijivunia sana kuligundua lile, na nitakuwa nimekunyang'anya mbele ya watu. Vumilia. Siku moja utamweleza Bibi mwenyewe, na kama atakasirika, akasirike akiwa mkavu.

Ukishaingia bwenini, ukipiga simu usinipate, usihangaike mapema. Baada ya Zombo mtandao unakatikakatika, na huku kwetu umeme si wa kuaminika. Mpigie mjomba. Na mjomba akikwambia ubaki shuleni, baki. Usipande gari lolote kuja huku kunitafuta, hata akija mtu unayemfahamu akasema nimekuita. Sitakuita. Nikiwa salama, nitakuja mwenyewe siku ya kutembelea, na utaniona getini nikihakikisha kama pochi nimeifunga.

Siku ulipozaliwa nilikuwa msichana tu, naogopa hata kukushika. Bibi alikuweka mapajani mwangu akasema, "Hataanguka, mkono wako unajua." Nimekuwa nikiukumbuka mkono huo wiki hizi nikishika nyaya. Ulikuwa unatetemeka na bado ulikuwa unafanya kazi. Ukiona mkono wangu unatetemeka kesho pale mlangoni, jua ni uleule. Usinikumbatie kwa muda mrefu. Bibi anatazama.

Isha haijaadhiniwa bado. Wewe uko uani unamsaidia mjomba kufunga tranka, nasikia mnabishana kuhusu kamba. Bibi anakaanga maandazi ya safari, anaimba polepole kwa Kikaguru ule wimbo ambao hajawahi kunieleza maana yake.

Tangu gari lilipowaka, kila jioni nilikuwa naweka punje za mahindi ndani ya boneti, pale lilipokuwa tundu, nione kama wamerudi. Kila asubuhi nilikuta zimeliwa, nikasema afadhali, bado wako hapa chini garini, hawajapanda juu zaidi. Leo nimefungua kabla ya magharibi. Punje za jana zipo zote, kavu, kama nilivyoziweka. Nikasimama pale nimeshika boneti, nikawaza labda wamerudi bondeni, labda pamekauka, labda kesho mwenyekiti atanicheka tena na nitacheka naye.

Kisha nimeingia ndani kukuandikia, na nimewasikia. Hawakurudi bondeni, Hawa. Wako darini, juu ya kichwa changu, wengi, wanahamisha watoto.

Mwombe Bibi akusindikize.

Mama yako